Kata Isiyokuwa na Hata Mmoja

Watu wa mjini wanaopanda kwetu kununua ndizi na mdalasini humwogopa Mwamvita kabla hawajamjua. Ana sauti ya kukoromea, na bei akishaitaja haishuki. Zama zile za ruksa, ilipotangazwa kwamba sasa kila mtu anunue popote na auze apendavyo, malori kutoka Dar yalianza kupanda Kinole, na wenye malori walidhani wamepata washamba wa milimani wa kuwapunja. Kwa wengi wetu waliwapata kweli. Kwa Mwamvita walikaribishwa kwenye gogo, wakapewa maji ya kunywa, wakashinda hapo mpaka jua likageuka, na bei ikabaki ileile ya asubuhi.

Mimi ni jirani yake, Filomena, mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni upande wa Mgeta. Kinole niliitwa na uhamisho wa serikali, na serikali ikasahau kuniita tena. Naandika habari za Mwamvita kwa sababu nimechoka kusikia kata yetu ikisifiwa kwa jambo ambalo halikuwepo.

Mwamvita na mumewe Abdulmajid walizaa watoto sita, na wa mwisho ni Raya. Raya alichelewa kutembea, akachelewa zaidi kusema, na alipofika umri wa kuvaa khanga mbili alikuwa bado na maneno machache ambayo mama yake anayaelewa yote, mimi nusu, na wengine hawajajisumbua. Alipenda kukaa mlangoni mwa darasa langu. Watoto wakicheka, naye alicheka, akichelewa kidogo, kisha akaendelea wenzake walipokuwa wameshanyamaza. Nikamwingiza ndani, nikampa dawati. Mwalimu mkuu akasema mkaguzi akimwona yule binti tutajibu nini, shule yetu si ya mataahira. Ndivyo walivyoitwa wakati ule, hata kwenye nyaraka. Nilibishana naye, nikashindwa, nikanuna muhula mzima.

Lakini akili ya Raya haikuwa shida ya Mwamvita. Alikuwa akisema, "Mwanangu ana akili za kumtosha mwenyewe, hakopi kwa mtu." Alichokiogopa ni kifafa. Raya alianguka mara nyingi, shambani, njiani, kisimani, na siku moja akaangukia jikoni. Mkono wa kushoto uliungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Tangu siku ile Mwamvita alipika huku amejifunga kipande cha khanga kiunoni, na ncha ya pili amemfunga Raya, ili binti akianza kutetemeka yeye aivute kabla mafiga hayajampata. Nilimkuta hivyo mara nyingi, anasonga ugali, binti yake kafungwa pembeni anachambua mchicha. 

Vidonge vya kifafa vipo, si siri. Zahanati yetu ilikuwa ikivitoa bure vilipokuwepo, navyo havikuwepo mara nyingi. Kisha tukaambiwa mambo yamebadilika, wananchi wachangie gharama. Tukachangia. Vidonge vikawa havipo vilevile, ila sasa havipo kwa risiti. Mjini Morogoro maduka ya dawa yalikuwa yanafunguliwa kila mtaa, yana vioo, yana feni, yana kila kidonge unachokitaka, na mwuzaji anakuuliza kwa upole kama unachukua dozi nzima au nusu. Mwamvita alichukua nusu, mara robo, na Raya akawa anaanguka nusu ya mwaka.

Basi ukaja mradi. Miaka ile miradi ilikuja kwa wingi, kila mmoja na gari lake jeupe na herufi zake ubavuni. Huu ulikuwa wa afya ya jamii: unatafuta watu wenye mtindio wa ubongo, ujue wapo wangapi na wapo wapi, kisha kila palipoonekana watu hao mradi utawapa dawa, na mwalimu wa kuwafundisha. Kiongozi wake alikuwa Daktari Deogratias, mtu wa Dar, mpole, msafi, mwenye viatu visivyofaa kwa milima yetu. Mwamvita aliposikia habari hizo sokoni aliacha biashara, akaja mbio nyumbani kwangu. "Mwalimu, wanamtafuta Raya!" alisema. Sikuwahi kumwona akifurahi namna ile, hata siku alipomwoza binti yake mkubwa.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwa Mluguru halina haja ya kuelezwa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lukolo, na ardhi anaipata huko. Baba humlea, humlisha, humpenda, lakini jambo zito la mtoto, posa, maradhi, aibu, kaburi, msemaji wake ni mjomba. Baba mwenye adabu hatamki kasoro ya mtoto mbele ya wageni. Atakuwa amejitwalia mamlaka ya shemeji zake. Na mjomba mwenye adabu hajihesabii watu wanaolala chini ya paa la mwanamume mwingine; atakuwa amevunja heshima ya nyumba ya mtu. Ni utaratibu mzuri. Umezuia ugomvi mwingi milimani.

Wadadisi wa mradi, vijana waliopewa semina na kofia, walikuja mwezi Juni, shule zimefungwa nami nipo kwetu Mgeta. Mwamvita alikuwa ameteremka sokoni na Raya. Vijana wakamkuta Abdulmajid kibarazani. Walikuwa wamefundishwa kumwuliza mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya ndiye huyo, ana kofia ya vitobo na redio mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu."

"Mzee, hapa kwako una mtoto yeyote mwenye matatizo ya akili, au ya kuanguka?"

Abdulmajid alifikiri kwa uaminifu. "Mimi? Mimi sina," alisema. "Kwa habari za watoto, mwoneni mjomba wao, Mwinshehe, hapo chini kwenye mgomba ule."

Wakateremka kwa Mwinshehe, kaka mkubwa wa Mwamvita, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao. Mwinshehe akawakaribisha machungwa. Wakamwuliza swali lilelile. Akatazama nyumba yake, akawatazama waliomo ndani, akasema, "Hapa kwangu? Hapa kwangu hamna." Vijana wakamshukuru, wakaondoka na machungwa.

Hakuna aliyesema uongo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana mtu mwongo unaweza kumsuta. Nao hawakuwa wao tu. Mtoto wa jirani ambaye hakuwahi kusimama, yule bwana mdogo wa bondeni anayezungumza na kuku, wote baba zao walielekeza kwa wajomba, na wajomba wakatazama nyumba zao, wakasema hamna. Kata nzima, kutoka mtoni hadi msituni.

Mwamvita aliambiwa na mumewe jioni kwamba wageni wamekuja wameondoka. Akauliza kama wamemwandika Raya. Abdulmajid akajibu kwamba amewaelekeza kwa mjomba. Mwamvita akatulia, awaelekeze kwa nani kama si kwa mjomba? Kesho yake akamwuliza kaka yake, naye akasema vijana walikuwa na heshima sana na walikula vizuri. Akangoja dawa.

Zilizokuja ni pongezi. Mwaka uliofuata Daktari Deogratias alipanda tena, safari hii na viti vya plastiki na spika, akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule yangu. Alisema utafiti wao umefika Dumila, umefika mjini na vitongoji vyake, na kote wamekuta watu wenye mtindio wa ubongo. Lakini kuna kata moja, alisema, akanyamaza kidogo ili tufurahi, kuna kata moja ambayo haina hata mmoja. "Ndugu zangu, kata hiyo ni ninyi!"

Tulipiga makofi. Mwenyekiti alisimama akainama. Mwinshehe na Abdulmajid walikuwa wamekaa bega kwa bega mstari wa mbele, na walipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, kama wazee wanavyopaswa kufanya kata yao inaposifiwa. Yule bwana mdogo wa bondeni alipiga makofi, akaendelea peke yake mpaka mama yake akamshika mikono. Daktari alimpungia.

Akaeleza kwamba dawa na mwalimu vimepelekwa kule kwenye wagonjwa, kliniki imefunguliwa mjini, na yeye sasa ana kazi nyingine kubwa zaidi: kujua siri yetu. Kuna nini Kinole kinachokinga ubongo wa mtoto? Maji ya mlima? Hewa? Yeye binafsi alikuwa na wazo la viungo, na zaidi mdalasini. Alitaka kuongea na mama mmoja mwenye watoto wengi, anayeujua mdalasini. Watu wote wakamwelekeza kwa Mwamvita.

Nilimtazama Mwamvita. Alikuwa anakaza khanga yake kiunoni, na wauza ndizi wenzake waliomzunguka walisogea kidogo.

Akampeleka daktari nyumbani. Mimi nikafuata, sikualikwa. Daktari alikaa kibarazani, Abdulmajid upande huu na Mwinshehe upande ule, na Raya akatoka ndani na birika na beseni kumwosha mgeni mikono. Alifanya hivyo vizuri. Mama yake amemfundisha, na anapenda maji. Mkono wenye kovu ndio uliokuwa umeshika birika.

"Ahsante binti," alisema daktari, akajifuta, akamgeukia Mwamvita. "Mama, ulipokuwa mjamzito ulikuwa ukitumia mdalasini?"

"Nilikuwa nauza."

"Hukuutumia hata kidogo, kwenye chai?"

"Sukari ilikuwa haipatikani, chai ya nini? Daktari, umesema unatafuta mtoto mwenye mtindio wa ubongo?"

"Tulitafuta, mama. Hapa hatukukuta."

"Huyo amekuosha mikono sasa hivi."

Daktari alimtazama Raya. Raya alifurahi kutazamwa, akamwongeza maji, yakamwagika kwenye vile viatu. Mtu yule hakuwa mjinga. Niliona uso wake ukibadilika, akauona mkono, akaona na mengine. Akawageukia wazee taratibu. "Mzee, vijana wangu si walikuuliza?"

"Waliniuliza wangu," alisema Abdulmajid. "Raya ni wa ukoo wake. Msemaji ni huyu."

"Nami waliniuliza wa nyumbani kwangu," alisema Mwinshehe. "Raya analala hapa kwa shemeji. Nitamwingiliaje?"

Wakapeana mikono mbele ya daktari, kila mmoja ameridhika na adabu ya mwenzake.

Daktari alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Alisema matokeo yameshaondoka. Yamesomwa kwenye mkutano nje ya nchi, watu wakasimama kupiga makofi, na fedha za utafiti wa mdalasini zimeshaidhinishwa. Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na kwa kweli nilimhurumia kwa muda wa kutosha kunywa kikombe kimoja cha maji. Kisha akapata njia. Kliniki ya mjini, alisema, inaweza kumpokea aliyesahaulika, ilimradi mkuu wa kaya yake aende mwenyewe, amtambulishe, aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto huyu ni wangu na ana hali hii. "Ndio utaratibu wa mradi, mama." Akaaga. Alichukua na magome ya mdalasini, Mwamvita akamtoza bei ya watu wa Dar.

Mwamvita hakungoja. Aliwaweka mume na kaka mkeka mmoja, akawaambia mnakwenda mjini wote wawili, mkajuane huko huko nani msemaji. Wakasema hapana shaka. Walipanda lori la ndizi wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wakapewa nafasi mbele kwa dereva. Mwamvita, Raya na mimi tukakaa juu ya mikungu. Mimi nilikuwa nafuata chaki za shule, ambazo nazo zilikuwa na utaratibu wake. Njia ya kuteremka Raya alianguka mara moja, palepale juu ya ndizi. Tulimshika, mama yake akamgeuza ubavu, akamfuta mdomo, akamwambia maneno yao. Huko mbele wazee walikuwa wanasikiliza redio na dereva.

Kliniki ilikuwa chumba kimoja kilichopakwa rangi mpya, na ndani yupo Sista Judith, nesi mnene mwenye haraka zake, na kabati la vioo nyuma yake. Vidonge vilionekana. Mwamvita alivitazama jinsi wengine wanavyomtazama sheikh au padri.

"Mnatoka wapi?"

"Kinole."

"Kinole hakuna watu wa hivi," alisema Sista Judith. "Nimepewa kata zote, Kinole hamna hata mmoja."

"Basi sema natoka hapa mjini," alisema Mwamvita.

Sista akakubali, mjini wapo wengi, mmoja hazidishi kitu. Akauliza mkuu wa kaya ni nani, atambulishe mgonjwa. Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi walisimama kwa pamoja, wakatazamana, na kila mmoja akampisha mwenzake.

"Shemeji, sema wewe," alisema Abdulmajid. "Mimi nitakuwa nimekuvunjia heshima."

"Nyumba ni yako, bwana," alisema Mwinshehe. "Nikisema mimi wakati wewe umesimama, watu watanielewaje?"

"Wewe ndiye ukoo."

"Nawe ndiye mwenye mji."

Sista Judith aligonga kalamu mezani. Nyuma yetu kulikuwa na foleni, wanawake wenye watoto migongoni na mapajani, na mmoja wao akasonya. Wazee hawakusikia. Walikuwa wanabembelezana kwa upole wa hali ya juu, hakuna sauti iliyopanda, na hakuna hata mmoja aliyesema lile neno fupi: ni wangu. Raya alikuwa amekaa sakafuni kwa uchovu wa kuanguka, na damu kidogo mdomoni alipojing'ata ulimi. Nilitaka kulia, halafu nikataka kupiga mtu.

"Sista, si aseme huyu mama mwenyewe?" niliuliza.

"Mama hatambulishi," alisema Sista Judith. "Labda mume awe amefariki, na wasimamizi wake wa kiume wawe wamefariki. Hapo mama ndiye mkuu wa kaya."

Mwamvita alisogea mpaka mezani. "Wamefariki," alisema.

"Nani?"

"Wote. Baba yake Raya, Abdulmajid, amefariki. Na mjomba wake, Mwinshehe, naye amefariki. Nimebaki mimi. Raya ni mwanangu, akili yake nzito na ana kifafa, ameungua mkono. Andika."

 Sista Judith alimtazama Mwamvita, kisha akawatazama wazee wawili kwenye kanzu zao, mikono ikiwa bado imenyooshwa kupishana. Nadhani alielewa. Wanawake wanaokaa na dawa huelewa haraka.

"Na hawa wazee?" aliuliza.

"Majirani. Wamenisindikiza."

Sista akaandika. Alipomaliza aliinua kichwa, akawageukia wazee kwa heshima zote. "Poleni sana na msiba, baba zangu."

Na Mwinshehe, ambaye maisha yake yote hajaacha pole ya mtu ianguke chini bila kujibiwa, aliweka mkono kifuani. "Ahsante mwanangu," alisema. "Tumeshapoa."

Raya alimeza kidonge cha kwanza palepale, kwa maji ya kikombe cha bati, akaomba maji mengine. Mradi wenyewe ulidumu miaka michache, kama ilivyo miradi, lakini kwa miaka hiyo hakuanguka zaidi ya mara mbili tatu, na motoni hakuanguka tena. Akina mama wengine wa kata yetu walipopata habari walianza kuteremka mmoja mmoja, na kila mmoja akafiwa mlangoni mwa Sista Judith. Daktari Deogratias aliendelea na mdalasini wake. Kata ya Kinole bado ni kata isiyokuwa na hata mmoja. Wote ni yatima wa mjini.

Siku ile tulitembea kwenda kungoja lori, Mwamvita mbele na kifurushi cha dawa kifuani, Raya akimfuata, mimi nyuma bila chaki. Wazee walituandamia mbali kidogo. Tulipofika barabarani Abdulmajid alisogea karibu na mkewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni kweli, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Raya," alisema, "leo umeniua mbele za watu."

"Baba Raya, ulipokuwa hai ulimwambia nani kwamba una mtoto?"

 Gari la watu wengine lilikuwa linakuja; Abdulmajid alimshika Raya mkono, ule wenye kovu, wakasimama hivyo mpaka likapita.